Nani Ashike Ufunguo wa Mnara

Mkazi wa Pongwe, penye machimbo ya chokaa na kiwanda cha saruji, ampigiapo simu nduguye aliye Muheza, aghalabu hajui kwamba mnara mmoja huweza kubeba mitambo ya kampuni mbili tatu zishindanazo sokoni, zote nyuma ya lango moja. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliuwekea ushirika huu kanuni. Na Vodacom ilipoiuzia Helios Towers minara yake mingi mwaka 2013, mwenye mnara na mwenye mitambo wakawa watu mbalimbali.

Hapo ndipo penye mas'ala. Ndani ya ua mna betri, dizeli ya jenereta na nyaya za shaba, vitu wavitamanivyo wezi. Ama fundi naye, mtambo uzimikapo saa nane za usiku, hana budi kuingia pasi na kungoja idhini ya mtu aliyelala mjini. Mafundi wana hila yao: kila kampuni huleta kufuli yake, nazo hupishwa moja ndani ya nyingine hata zikawa sehemu ya mnyororo wenyewe, hivyo afunguaye yoyote hulifungua lango zima. Hila hii nzuri ina aibu mbili: fundi mwenye haraka akirudishia yake akairuka ya jirani, jirani amefungiwa nje; na betri zikitoweka, hapana awezaye kusema nani aliingia mwisho.

Kwa rai yangu, lango la nje liwe jepesi kwa kila mwenye haki, na ugumu uhamishiwe ndani, kila kampuni na kabati lake, na mlinzi mwenye daftari la jina, saa na kazi.

Fauka ya hayo, mshindani asiwe bawabu. Huko Nairobi kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti, KIXP, kilifunguliwa mwishoni mwa 2000, kikafungwa baada ya muda mchache kwa malalamiko ya Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba, kisifunguliwe tena hata Februari 2002. Kile cha Dar es Salaam kiko mikononi mwa TISPA, chama cha watoa huduma wenyewe, nao ni mpango wa busara. Mnarani, daftari likiandika saa ya fundi kufika langoni pamoja na saa ya kuingia, Mamlaka ya Mawasiliano itaweza kumsoma humo mwizi, na kadhalika mwenye ua anayewangojesha wapinzani wake kwa kisingizio cha ulinzi.