Linux nyepesi yafufua kompyuta kuukuu, lakini si kila moja

KOMPYUTA inayoachwa kabatini kwa madai kuwa “imechoka” mara nyingi haijafa. Kilichoizidi nguvu ni mfumo endeshi uliomo ndani yake, ambao matoleo yake mapya mara nyingi hudai kumbukumbu kubwa kuliko ya zamani.

Suala hilo lilipata uzito mpya Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10. Kwa mwenye steshenari mjini Musoma au mwalimu wa Butiama ambaye mashine yake haikidhi masharti ya Windows 11, uamuzi ni kununua nyingine, kuendelea na mfumo usio na ulinzi, au kujaribu Linux nyepesi kama Puppy, antiX au Lubuntu. Mifumo hiyo haiuzwi, na programu zake ni huria.

Mkoa wa Mara una historia yake katika jambo hili. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, wilaya za Bunda na Serengeti zilikuwa eneo la majaribio la mradi wa TEHAMA vijijini ulioshirikisha watafiti wa Tanzania na wa Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia ya Stockholm, Sweden. Miongoni mwao alikuwa Amos Nungu, ambaye baadaye alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH).

Adui mkubwa wa mtandao ule alikuwa umeme, unaokatika na kurudi kwa kishindo. Watafiti hao walibuni ruta zilizotumia kompyuta ndogo zinazokula umeme kidogo, zikiendeshwa na Linux ya Bifrost, mfumo mdogo kutoka Sweden unaowaka kutoka kwenye flashi. Mashine za namna hiyo ziliweza kupokea umeme wa jua moja kwa moja, bila kibadilishi cha kuugeuza kwanza uwe kama wa TANESCO.

Siri ya wepesi wake si ngumu. Mfumo husomwa kutoka kwenye flashi, hupakiwa katika kumbukumbu, kisha hukaa humo. Diski haiandikwi kila mara, hivyo umeme ukikatika ghafla hakuna kikubwa cha kuharibika. Puppy, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Barry Kauler wa Australia, hufanya kazi kwa mtindo huo huo kwenye kompyuta ya mezani.

Hata hivyo, ruta ya Bunda ilikuwa na kazi moja tu. Kompyuta ya mwalimu au karani ina kazi kumi, na hapo ndipo wengi huvunjika moyo. Linux nyepesi inaweza kuwaka ikitumia megabaiti mia chache tu za kumbukumbu, lakini kivinjari kikifunguliwa kwa kurasa mbili tatu zenye picha na video, gigabaiti 1 humalizika mara moja. Mfumo umepunguzwa uzito, intaneti haikupunguzwa. Mashine ya gigabaiti 1 itaandika mitihani na barua vizuri, lakini haitamfaa anayetaka mikutano ya video. Yenye gigabaiti 4, hasa ikibadilishiwa diski ya kuzunguka kwa diski ya SSD, huwa kompyuta ya kutegemewa kabisa.

Kikwazo kingine ni kichakataji cha biti 32, ambacho kinaendelea kuachwa. Lubuntu iliacha kukihudumia baada ya toleo la 18.10. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina kisakinishi chake, na katika mwaka huo huo Firefox nayo ilisitisha matoleo ya Linux ya biti 32. Mwenye shaka aandike amri lscpu baada ya kuwasha Linux. Ikitaja 64-bit, mashine bado ina maisha.

Kujaribu hakuhitaji kufuta chochote. Mfumo huandikwa kwenye flashi ya gigabaiti 4 au zaidi, kompyuta huwashwa huku ikibonyezwa F12, F2 au Esc kutegemea kampuni iliyoiunda, kisha flashi huchaguliwa. Mashine za zamani zaidi haziwaki kwa flashi na huhitaji CD. Katika jaribio hilo akague Wi-Fi, sauti na printa, kwa kuwa baadhi ya vifaa vya Wi-Fi havitambuliwi na Linux bila programu ya ziada.

Tovuti zote salama zikikataa kufunguka, asiulaumu mfumo kabla hajatazama saa. Betri ndogo ya kwenye bodi ikiisha, kompyuta hurudi miaka mingi nyuma, na vyeti vya usalama vya tovuti huonekana batili. Betri hiyo ya CR2032 ni ya bei ndogo, nayo imesababisha kompyuta nyingi nzima kuitwa mbovu.

Lipo pia suala la LUKU, ambalo wapokeaji wa misaada ya kompyuta husahau kulipigia hesabu. Tuseme shule ya Bunda ina kompyuta 10 za mezani, kila moja pamoja na kioo chake kizito cha zamani ikila wati 150. Zikiwaka saa 8 kwa siku 22, zitamaliza uniti 264 kwa mwezi. Kompyuta mpakato 10 za wati 30 zitatumia takriban uniti 53 kwa muda huo huo. Linux haipunguzi sana pengo hilo, kwa sababu ulaji unatokana na chuma chenyewe: kichakataji cha Pentium 4 peke yake kinaweza kufikia wati 80 na zaidi, wakati Atom N270 ya mwaka 2008 ilikadiriwa wati 2.5.

Kwa hiyo mashine za kufufua kwanza ni kompyuta mpakato, ambazo zikiwa na betri nzima humpa mtumiaji nafasi ya kuhifadhi kazi umeme ukikatika. Za mezani zinaweza kubakizwa moja au mbili na kupewa kazi moja, kama ruta za Bunda. Kwa mfano, moja inaweza kuhifadhi Wikipedia ya Kiswahili kwa programu ya Kiwix na kuigawa kwa kompyuta nyingine za darasa kwa waya, hata siku ambayo bando limekwisha.