Presha ya baba na ada ya shule: Takwimu za moyo zinasema nini

Jumamosi kwenye mnada wa Msalato, nje kidogo ya katikati ya Jiji la Dodoma, moshi wa nyama choma unamlaki mtu hata kabla hajafika. Familia inakaa mezani, nyama inakatwa, kachumbari inaletwa, na kopo la chumvi linazunguka kabla hata mtu hajaonja. Nani atawaza habari za moyo hapo? Baba ana miaka 50, hajawahi kulazwa, na kitinda mimba wake yuko darasa la tano.

Takwimu za moyo hapa nchini zinamhusu sana baba huyo, pengine kuliko mzazi wake aliyebaki Mpwapwa.

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa Abel Makubi, ambaye baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya, na wenzake. Waliwachunguza wagonjwa 427 waliofika Muhimbili, ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa kusukuma damu ipasavyo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Ulaya na Marekani, wengi wa wagonjwa wa aina hiyo wameshavuka 70.

Miaka hiyo 15 ya tofauti ndiyo inayoziumiza nyumba. Mtanzania wa miaka 55 bado analipa ada, bado yuko shambani au ofisini, na mara nyingi anasomesha na watoto wa ndugu zake.

Na chanzo kilikuwa nini? Wengi wangejibu haraka kwamba ni mafuta kuziba mishipa ya moyo. Hao walikuwa asilimia 9 tu. Asilimia 45 waliumwa kwa sababu ya shinikizo la juu la damu, yaani presha, ambayo haiumi wala haiwashi, na mtu anaweza kutembea nayo miaka kumi akijiona mzima.

Ni haki kusema pia kwamba hao ni waliofika Muhimbili. Aliyefia nyumbani Kondoa au Manyoni hakuhesabiwa, kwa hiyo utafiti wa hospitali moja hauwezi kuwa picha ya nchi nzima. Lakini mwaka 2012 ulifanyika utafiti mwingine, wa kitaifa, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64 majumbani mwao. Takriban mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu. Meza ya Msalato yenye watu wazima wanane ingetarajiwa kuwa na wawili, ingawa meza moja inaweza isiwe na hata mmoja na ya jirani ikawa na wanne. Wastani ndivyo ulivyo.

Wataalamu wanajuaje kwamba kosa ni la presha na si la uzee tu? Njia hiyo ilipata umaarufu kutokana na mji wa Framingham, Marekani. Mwaka 1948 ulianza kufuatiliwa mwenendo wa afya ya watu 5,209 wa mji huo. Walipimwa, wakaachwa waendelee na maisha yao, wakapimwa tena na tena kwa miaka mingi. Baadhi waliugua moyo, wengine hawakuugua. Watakwimu wakawalinganisha watu wa umri mmoja, jinsia moja, wote wavutaji au wote wasiovuta, waliotofautiana presha. Pengo lililobaki kati yao ndilo lililohesabiwa kuwa la presha. Hapo ndipo neno vihatarishi lilipopata nguvu.

Tatizo ni kwamba Framingham si Dodoma. Hesabu iliyotokana na watu wale, ikiletwa Chamwino ilivyo, inaweza kukosea. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mpya zilizorekebishwa kwa kila ukanda, Afrika Mashariki ikiwa na yake. Mhudumu huangalia umri, jinsia, uvutaji sigara, presha, kisukari na lehemu. Pasipo na maabara, kama zahanati nyingi za vijijini, ipo chati inayotumia uzito na urefu badala ya vipimo vya damu.

Jibu linakuja kwa asilimia, na hapo wengi hujikwaa. Chukulia baba ameambiwa hatari yake ni asilimia 10. Maana yake, wakikusanywa wanaume 100 wanaofanana naye, kumi kati yao watapata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka kumi. Tisini hawatapata. Nani atakuwa wapi, chati haijui. Kwa hiyo yule babu aliyevuta sigara hadi miaka 90, ambaye kila ukoo unaye, hajaivunja hesabu. Alikuwa mmoja wa wale wengine.

Umri haurudishwi nyuma, lakini chumvi inapungua. Kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, ikijumlishwa ile iliyomo kwenye mkate, nyama na mboga.

Kwa wazazi lipo jambo jingine katika utafiti ule wa Muhimbili. Asilimia 12 ya wagonjwa waliharibikiwa na milango ya moyo kutokana na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na maambukizi ya koo yasiyotibiwa, mara nyingi utotoni. Mtoto mwenye homa na koo linalouma apelekwe kituo cha afya, asipewe vidonge vilivyobaki kabatini.

Baba naye akapime presha akiwa ametulia dakika tano, mgongo umeegemea, bila kahawa wala sigara katika nusu saa iliyotangulia. Ikifika 140 kwa 90, irudiwe siku nyingine kabla ya kuitwa ugonjwa.

Akianzishiwa dawa, kazi ya nyumbani ndiyo kwanza imeanza. Wengi huziacha mwezi wa tatu, mashine ikisoma 130 kwa 80, wakidhani wamepona. Namba hiyo imeshuka kwa sababu vidonge vinamezwa kila siku.