Draiva mpya ya gofu ipimwe na ile ya zamani

MCHEZAJI wa gofu anayeishi Kwakoa au Same mjini hulazimika kusafiri hadi Moshi kufuata kiwanja. Akifika huko na draiva mpya, mipira michache ya kwanza yaweza kumfanya aamini kwamba amenunua miujiza.

Draiva ni fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza katika mashimo marefu, na bei yake si ya mchezo. Kabla ya kuilipia, yafaa kujua ni nini hasa kinachopimwa.

Vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za gofu duniani, R&A cha Uskoti na USGA cha Marekani, viliweka kikomo cha ukubwa wa kichwa cha draiva kuwa sentimita za ujazo 460 tangu mwaka 2004. Uso wake nao hugongwa kwa chuma kinachobembea, na muda wa mgusano hautakiwi kuzidi maikrosekunde 257. Tangu Januari 2008, wachezaji wote wanabanwa na kikomo hicho. Hivyo tangazo linaloahidi mita 20 za ziada kutokana na uso unaorusha zaidi halina budi kutiliwa shaka.

Kilichobaki kwa watengenezaji ni kugawa uzito. Kichwa chenye uzito uliosogezwa pembeni na nyuma hakipindi sana mpira unapogonga nje ya katikati. Kwa mchezaji wa kiwango cha kati, mwenye handikepu ya 10 hadi 20, faida iko hapo, kwani mipira yake mingi hugonga pembeni.

Hata hivyo, mahali pa majaribio hudanganya. Moshi iko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na Arusha takriban mita 1,400, ambako wepesi wa hewa huweza kuongeza umbali kwa karibu asilimia tano. Anayelinganisha umbali huo na kumbukumbu zake za Dar es Salaam amepima mwinuko, si fimbo. Wakati wa kiangazi ardhi ngumu nayo huubingirisha mpira mbali.

Kwa sababu hiyo, fimbo zote mbili zipigwe siku moja, kwa mipira ya aina moja, kwa kupokezana, angalau mara 10 kila moja. Iwekwe alama pale mpira ulipotua, si uliposimama, na mibovu ihesabiwe pia. Poda kidogo kwenye uso wa fimbo itaonyesha mpira uligonga wapi.

Iwapo mipira ya draiva mpya haikutua karibu karibu kuliko ya zamani, fedha hizo zingelipia safari nyingi za mazoezi Moshi.