Ukiomba ‘mchele’ Nchelenge, utaletewa chumvi

MSAFIRI wa Kigoma au Dar es Salaam akiketi kwa mama lishe wa Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru kaskazini mwa Zambia, akaomba mchele, asishangae kusogezewa kikopo cha chumvi. Kwa Kibemba, umuchele ni chumvi. Mchele wetu wao huuita umupunga. Maji ni amenshi, kula ni ukulya, na asante ni natotela. Ukishajua hayo, njaa haikupati.

Nchelenge ni wilaya ya Mkoa wa Luapula, zaidi ya kilomita 200 kaskazini mwa Mansa, makao makuu ya mkoa. Anayetoka Tanzania huvuka Tunduma kuingia Nakonde, akapitia Kasama na Luwingu hadi Mansa, kisha akafuata Mto Luapula kuelekea ziwani. Njiani yuko Mwansabombwe, kwenye makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda. Mwishoni mwa Julai, wakati wa sherehe ya Mutomboko, mji huo hufurika wageni, hivyo atakayepita siku hizo atafute malazi mapema.

Kashikishi iko jirani kabisa na Nchelenge, na ndiko kwenye soko na mwalo. Anayetafuta mlo wa kukumbukwa asianzie hotelini. Aende mwaloni asubuhi, mitumbwi inaporudi, aone kilichovuliwa, ndipo aamue atakula nini.

Samaki anayesifiwa zaidi ni jamii ya sato wetu, na jina lake ni pale. Mswahili akiambiwa “pale” hugeuza shingo atazame anakoonyeshwa, kumbe ametajiwa kitoweo. Hukaangwa mzima, au huchemshwa kwa nyanya na kitunguu hadi mchuzi ushike. Huliwa na ubwali, yaani ugali, na Luapula ugali wa kweli ni wa muhogo. Muhogo hulowekwa majini siku kadhaa hadi ulainike, ukamenywa, ukaanikwa, ukatwangwa au kusagwa. Ubwali wake huvutika, una harufu ya uchachu kidogo, na mtu wa Mtwara au Kigoma hatauona mgeni. Pembeni huja katapa, ambayo Tanzania ni kisamvu na Lubumbashi ni sombe. Kinywaji chake ni munkoyo, uji mwepesi wa mahindi uliotiwa mizizi ya mmea wa jina hilo, unaonywewa pande zote mbili za mpaka.

Hata hivyo, anayeondoka Nchelenge amekula pale peke yake hajala Mweru. Chakula chenyewe cha ziwa hili ni chisense, samaki wa fedha asiyezidi urefu wa kidole, mwenzake dagaa. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na aliye ufukweni huona ziwa limewaka mbali kama mji. Asubuhi huanikwa juani. Hapo ndipo penye siri ya kununua: wengi huanikwa moja kwa moja juu ya mchanga, na mchanga huo utaukuta mdomoni. Tafuta waliokaushwa juu ya chanja au nyasi, wanaong’aa, wakavu wa kuvunjika. Mwuzaji mwaminifu hakatai uonje mmoja. Nyumbani huoshwa kwa maji ya moto, wakakaangwa na nyanya mpaka wawe na ukakasi mwembamba wa moshi na chumvi. Sahani ya chisense na ubwali ni nafuu kuliko ya pale, na kwa ladha, tuseme ukweli, haishindwi.

Chisense hakupewa nafasi hiyo kwa ladha peke yake. Zamani samaki maarufu wa Luapula alikuwa mpumbu, aliyepanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliokaa Kasenga, upande wa Kongo, walimnunua kulisha wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Katanga. Nyavu zilitegwa mtoni msimu uleule wa kutaga, na kufikia miaka ya 1950 makundi hayo yalikuwa yamekwisha. Leo mgeni anaweza kuzunguka vibanda vyote vya Kashikishi bila kusikia jina lake. Biashara ikahamia kwa pale, na kuanzia miaka ya 1980 ikapanuka kwa chisense, ambaye huzaliana haraka na mtaji wake ni mdogo. Wanawake wengi waliingia kwenye biashara kwa mlango huo.

Sasa zamu ni ya pale. Mlaji hahitaji ripoti ya mtaalamu, atazame sahani. Samaki wa kiganja anayefunikwa na vipande viwili vya nyanya ametolewa majini kwa wavu wa matundu madogo, kabla hajataga. Vyandarua vya mbu navyo, vilivyogawiwa katika wilaya yenye malaria kali, vimeonekana majini mara nyingi.

Zambia hufunga uvuvi kila mwaka kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, samaki wazaliane. Lakini ng’ambo ya maji ni Kilwa na Pweto, ndani ya Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, na samaki havuki na pasipoti. Tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Zambia si mwanachama. Ufuko mmoja wa ziwa uko ndani ya jumuiya, wa pili uko nje. Zote mbili zimo COMESA na SADC, na hivyo vikao vya kukutania havikosekani. Kinachohitajika ni tarehe moja ya kufunga na tundu moja la wavu, linalopimwa kwa rula ileile Kashikishi na Pweto.

Kwa msafiri, hesabu ni nyepesi zaidi. Machi, nyavu zinaporudi majini, ndio mwezi wa kuanza kufikiria safari. Anayefika Januari atakula katapa na samaki wakavu wa akiba. Akiletewa pale mbichi msimu huo, ana haki ya kuuliza ametoka wapi.