Je, Wajua? Ngoma za Chuka Kwenye Skrini ya Kompyuta

Ukiwasha ile michoro inayocheza na wimbo kwenye kompyuta, unataka rangi ziruke kila mdundo unapolia. Picha ikikwamakwama au ikikosa uhai, wengi hulaumu mashine. Kabla hujafikiria kununua nyingine, je, wajua kwamba…

Michoro hii ni mikongwe kuliko mashabiki wake wengi? Katika miaka ya 1970 kampuni ya Atari iliuza Video Music, kifaa kilichounganisha redio ya nyumbani na televisheni. Programu ya kucheza muziki ya Winamp ikafuata mwaka 1997, na mwaka 2001 Ryan Geiss akaitengenezea michoro ya MilkDrop. Leo programu ya projectM huchora michoro ya mtindo huo huo, tena bila malipo.

Anayecheza hasa ni hesabu? Mfaransa Joseph Fourier, katika kitabu chake cha 1822 kuhusu jinsi joto linavyosambaa, alionyesha namna ya kuchambua wimbi tata likawa mawimbi mepesi. Mwaka 1965 wanahesabu Cooley na Tukey walichapisha njia ya kuifanya kazi hiyo haraka kwa kompyuta. Programu huyapanga mawimbi hayo kama nguzo, besi kushoto mwa skrini na filimbi kulia.

Ngoma mbili zinaweza kuonekana moja? Tuchukue wapigaji wa Chuka, kati ya Embu na Meru, wanaobana ngoma ndefu katikati ya miguu. Tuseme moja inalia Hz 80 (mitetemo 80 kwa sekunde) na nyingine Hz 100. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde. Programu ikichambua vipimo 1,024 kwa mkupuo, kila nguzo hubeba takriban Hz 43, na ngoma zote mbili huangukia nguzo moja. Ongeza vipimo hadi 4,096, nguzo hubeba kama Hz 11 tu na kila ngoma hupata yake. Gharama yake ni kwamba kila mkupuo sasa hubeba karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa hiyo midundo ya haraka huingiliana. Kwa ngoma za kasi, punguza. Kwa kwaya ya taratibu, ongeza.

Nguzo za kulia zikilala, kosa huenda ni la faili? Programu nyingi zinapotengeneza MP3 ya kilobiti 128 hukata sauti zilizo juu ya takriban Hz 16,000. Wimbo wa namna hiyo ukiletewa kwenye flashi, kuugeuza kuwa kilobiti 320 hakurudishi kilichokatwa. Tafuta nakala bora.

Umeme wa Mto Tana unaweza kuingia kwenye picha? Gitaru, kwenye mto huo mpakani mwa Kaunti ya Embu, ndicho kituo kikubwa zaidi cha umeme wa maji nchini Kenya, chenye MW 225. Umeme wa Kenya huenda kwa Hz 50. Ukiingiza sauti kwenye laptopu kwa waya kutoka kwenye miksa ya kanisani au ukumbini, mvumo wa Hz 50 au 100 unaweza kupenya, na nguzo moja ya kushoto ikakataa kushuka hata watu wakinyamaza. Chomoa chaja. Mvumo ukitulia, chomeka miksa na laptopu kwenye ekstensheni moja.

Skrini ya kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde? Kompyuta ina milisekunde 16.7 tu za kuchora kila picha. Ikituma picha mpya skrini ikiwa katikati ya kuonyesha ya zamani, utaona mkato wa mlalo. Washa V-Sync kwenye mipangilio ili isubiri zamu yake.

Skrini ya 1920×1080 ina pikseli karibu mara mbili ya ile ya 1366×768? Mashine dhaifu ikilemewa, punguza kwanza ukubwa wa dirisha la michoro. Picha ndogo inayotiririka hupendeza kuliko kubwa inayokwama. Hakikisha pia draiva ya kadi ya picha ni ya karibuni.

Spika ya Bluetooth huchelewesha sauti? Mara nyingi ni milisekunde 100 hadi 200 au zaidi, na programu isipofidia, rangi hulipuka kabla ngoma haijasikika. Harusini, tumia waya.