Wimbo wa Taifa Uanzie Wapi?

Siku moja asubuhi, hapa Remera, niliombwa kuwaongoza wazazi na watoto katika wimbo wa taifa kabla ya mkutano wa mtaa. Nilianza kwa sauti ya juu, kwa kuwa nilipenda jinsi koo langu lilivyolia siku ile. Tulipofika mahali wimbo unapopanda, akina baba walinyamaza, watoto wakapiga kelele, na waliomalizia hawakuzidi watano. Baadaye mzee mmoja aliyestaafu jeshini aliniambia kwa upole kwamba alisimama wima kama ipasavyo, lakini wimbo wake nilimnyang'anya. Kosa lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo nimeuchukulia uzito uchaguzi wa ufunguo, yaani mahali inapokaa do. Wimbo haubadiliki maneno wala mwendo; do ndiyo inayopanda au kushuka, na nyimbo zote hufuata.

Kwanza, mwalimu atafute sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa katika wimbo. Nyimbo za mataifa hazilingani. Ule wa Uingereza una ngazi 7 tu kutoka chini hadi juu. Ule wa Marekani una ngazi 12, na ndiyo sababu hata waimbaji mashuhuri hushindwa wakiuanza vibaya. Pili, akumbuke kwamba mkusanyiko wa watu wa kawaida huimba kwa raha kati ya A ya chini na D ya juu, akina baba wakiimba hayo hayo chini zaidi. Tuchukue wimbo unaoanzia do na kufika re ya juu. Do ikiwekwa kwenye E-flati, re hiyo itakuwa F, na watu watapasua koo. Ikishushwa hadi B-flati, re itakuwa C, na kila mmoja ataifikia.

Tatu, bendi iulizwe mapema. Tarumbeta nyingi zimeundwa katika B-flati, hivyo wapigaji wake hupendelea funguo kama F, B-flati na E-flati. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya, alipotunga mwaka 1897 ule wimbo ambao Tanganyika iliuchukua tuni yake mwaka 1961, aliuweka katika B-flati. Bendi ikipiga peke yake katika gwaride, inaweza kuchagua ufunguo wa juu unaong'ara. Lakini watu wakiimba nayo, bendi ndiyo ishuke. Ikumbukwe pia kwamba shaba ikiwa baridi hulia chini kidogo, nayo hupanda ikipata joto. Kwa hiyo wapigaji wazipashe moto tarumbeta zao kabla ya kupatanisha sauti.

Wimbo wetu, Rwanda Nziza, unaotumika tangu Januari 2002, maneno yake ni ya Faustin Murigo na tuni yake ni ya Jean-Bosco Hashakaimana, mwanabendi wa jeshi. Kwa hiyo tangu mwanzo ulishikwa na mikono miwili: ya raia na ya askari. Uwanja wa Amahoro, hapa kwetu Remera, ulifunguliwa upya tarehe 1 Julai 2024 ukiwa na nafasi za watu 45,000. Watu wengi namna hiyo hawawezi kusahihishwa wimbo ukishaanza. Ufunguo ukikosewa, umekosewa hadi mwisho.

Nyumbani nako, ndugu wazazi, kuna kazi. Mama au baba asiyekuwa na kinanda amwambie mtoto aimbe kwanza mstari unaopanda kuliko yote. Akiufikia bila kukunja uso, hapo ndipo pa kuanzia. Akikaza shingo, mshushe kidogo na kujaribu tena. Kiongozi wa mkutano naye auonje mstari huo kwa sauti ndogo kabla ya kuwasimamisha watu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Sauti moja nzuri inapendeza katika tamasha, lakini wimbo wa taifa ni wa wote waliosimama: askari mwenye sauti nzito, bibi aliyechoka, na mtoto wa darasa la kwanza. Ufunguo ulio sahihi ni ule unaowafikisha wote mwisho wa wimbo.