Umeacha Nyama Juu ya Doh? Soma Hii Kabla Damu Ishuke

Wacha tuambiane ukweli. Wasee wengi hapa Nairobi hawajaacha nyama juu ya dini ama juu wanaonea ng'ombe huruma. Ni doh. Ikifika tarehe 15 unajipata kejani na ugali, sukuma na chai ya rangi, wiki nzima. Hiyo si kuwa vegeterian buda, hiyo ni kusota, na mwili inajua tofauti.

Mimi nilijua hivyo vibaya. Nilikula hivyo miezi kama nne, nikaanza kuskia kizunguzungu nikipanda ngazi za ploti. Nikadhani ni stress tu. Kuenda kliniki, daktari akaniambia damu iko chini, halafu akaniuliza swali sikutarajia: "Wewe hunywa chai saa ngapi?"

Iko hivi. Mboga kama managu na terere ziko na madini ya chuma, ile kitu mwili hutumia kutengeneza damu. Shida ni kwamba chuma ya mboga huingia mwilini kwa ugumu kuliko ya nyama. Sasa ukimaliza sahani halafu uteremshe na chai ama kahawa, kuna kitu ndani yake inaitwa tanini inashika hiyo chuma, na kiasi kikubwa inapita tu. Umeilipia na haujaitumia. Ngoja angalau saa moja ndio uchemshe chai.

Vitamini C nayo inafanya kinyume, inasaidia chuma kuingia. Kwa hivyo kamulia ndimu juu ya madondo, ama weka kachumbari kando, ama kula chungwa baada ya dishi. Ni hiyo tu, hakuna siri ingine.

Na hapa kwa sukuma tunakosea sana. Mama mboga anakukatia, unafika keja unaosha ikiwa imekatwa, halafu unachemsha mpaka inakuwa rangi ya kijeshi. Vitamini C huyeyuka kwa maji na huharibika kwa moto, so hapo umebaki na majani. Mwambie akupatie nzima, osha kwanza, kata, kaanga na kitunguu na nyanya dakika chache, epua ikiwa bado kijani. Usiogope mafuta kidogo, juu vitamini A ya mboga inahitaji mafuta ndio iingie mwilini.

Protini je? Mahindi pekee haitoshi, inakosa lysine, moja ya zile sehemu zinajenga protini. Maharagwe iko nayo mob. Ndio maana githeri ni dishi ya maana, hata kama ilikuboesha boarding. Ugali na ndengu, chapo na kamande, mchele na njahi, zote ni hesabu ile ile.

Madondo loweka usiku, asubuhi mwaga hayo maji, uweke mengine. Gesi inasave, tumbo pia inatulia. Lakini zile nyekundu usizibembeleze na moto mdogo. Ziko na sumu ya asili, na zikiwa hazijaiva utatapika vizuri sana. Zichemke kwa moto mkali dakika kumi na kuendelea, halafu ndio upunguze moto ziive kabisa. Magadi wachana nayo, inaharibu vitamini B1, na kama ulilowesha hauihitaji.

Kama hauna friji na meko yako iko karibu kuisha, chukua kamande. Hailoweshwi, na nusu saa hivi imeiva. Kaanga kitunguu, nyanya, karoti, mwaga kamande ndani na maji, maliza na dania. Usiku moja hiyo na avocado kando, hautakumbuka smokie.

Kitu moja mboga haitakupatia ni vitamini B12. Usidanganywe na mtu wa TikTok. Iko kwa mayai, maziwa, mala. Mayai kadhaa kwa wiki na maziwa kila siku zinasaidia. Kama hizo pia umekata, nunua tembe za B12 kwa chemist, juu hii shida huja polepole na inaweza kugusa mishipa ya fahamu, unaanza kuskia vidole zikiwasha kama zimelala.

Na kizunguzungu ikikuanza, usijitibu na managu. Enda upimwe damu kwanza.